Wagoni Hupimwa Kuanzia Nyuma

Hotuba kwa wapenzi wa magari ya zamani, kuhusu kukagua stesheni wagoni kabla ya kuinunua, lile gari la familia lenye paa refu linalofika mpaka mkiani. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya ndugu waliokosa kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, vijana wa gereji, na nyinyi mliokuja kusindikiza tu, karibuni sana.

Naomba nianze na swali. Umeona tangazo: stesheni wagoni ya Marekani, ya mwaka 1973, mapambo ya mbao ubavuni, viti safu tatu, injini kubwa ya V8, yaani ya silinda 8, dola 24,000. Umeendesha saa tatu kwenda kuiona. Muuzaji amekupokea vizuri, gari limeoshwa linang'aa, na hata hujamaliza kusalimia ameshafungua boneti na kuwasha injini. Je, utasimama wapi? Utaanza kutazama nini?

Wengi tutakwenda mbele. Tutainamia injini, tutasikiliza mngurumo, tutatikisa kichwa. Na pale mbele ndipo hasa muuzaji anapotaka tusimame. Ndugu zangu, wagoni hupimwa kuanzia nyuma. Nitalirudia neno hili mpaka mlichoke: anza nyuma.

Kwa nini nyuma? Kwa sababu mbele ya wagoni ni mali ya ukoo mzima. Boneti, madigadi ya mbele, taa, bampa, dashibodi, injini, giaboksi: hivyo vyote wagoni inagawana na saluni ya mwaka huohuo, na vipuri vyake vinapatikana. Ukivuka kiti cha dereva kwenda mkiani, ndipo unakutana na vitu vya wagoni peke yake. Vioo virefu vya ubavuni vilivyopinda. Mlango wa nyuma na mitambo yake. Mipira ya kuzuia maji. Kiti cha tatu na vifuniko vyake. Reli za paa. Vitu hivi, kwa wagoni nyingi, hakuna kiwanda kinachovitengeneza leo. Ukivunja kioo kimoja cha ubavuni, unatafuta wagoni nyingine iliyokufa ili uirithi.

Na wagoni zilizokufa nazo zimekwisha. Gari la michezo la mwaka 1969 lilifunikwa turubai likalala gereji. Wagoni ya mwaka huohuo ililala nje, ikabeba watoto wenye matope, mbwa, saruji, ikavuta boti na karavani. Waliokulia Kenya mnaikumbuka Peugeot 504 ya stesheni wagoni, teksi za safari ndefu. Ziko wapi leo? Zilifanya kazi mpaka zikaisha. Hapa Marekani ilikuwa hivyohivyo, tena likaongezeka jambo jingine: kwa mwaka wa 1984 Chrysler ikatoa Dodge Caravan na Plymouth Voyager, familia zikahamia kwenye magari hayo, na wagoni ikawa gari ambalo hakuna anayelitaka. Zile nzito za miaka ya sabini zilinunuliwa kwa bei ya chuma chakavu zikapelekwa kwenye mashindano ya kugongana ya maonyesho ya wilaya, kwa sababu zilikuwa na mkia mrefu wa kugongea. Mkia uleule tunaoutafuta leo ndio uliogongewa.

Kwa hiyo, jambo la kwanza. Jua unaangalia gari gani.

Tuchukue Chevrolet Nomad. Januari 1954, katika hoteli ya Waldorf-Astoria jijini New York, General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, walionyesha wagoni ya maonyesho yenye sura ya Corvette, gari lao la michezo. Watu wakaipenda mno. Mchoro wa paa lake, kazi ya Carl Renner, ukahamishiwa kwenye Chevrolet ya kawaida ya 1955, na Nomad ikaingia sokoni: milango miwili, nguzo iliyoinama, mifereji iliyokata paa kwa upana, mlango wa nyuma wenye pau saba za kromu. Iliuzwa miaka mitatu tu kwa sura hiyo, 1955, 1956 na 1957, na zote kwa pamoja hazikufika 25,000. Ilikuwa ghali na ilivuja maji nyuma.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1958 Chevrolet wakaliweka jina lilelile la Nomad kwenye wagoni ya milango minne. Jina moja, gari tofauti kabisa, na bei tofauti kabisa. Anayekuuzia "Nomad ya 1959" hasemi uongo. Lakini ukimlipa kwa hesabu ya Nomad ya 1957, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Tena kulikuwa na Handyman ya 1957, nayo wagoni ya milango miwili, tena ya Chevrolet. Siyo Nomad. Ukiitazama haraka kwa mbali na macho ya mapenzi, unaweza kukosea.

Utatofautishaje? Soma vibao. Namba ya gari ya 1957 iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ikianza na VC57, V inasema ilitoka kiwandani na V8, C inasema ni daraja la Bel Air, 57 ni mwaka. Lakini haisemi kama ni Nomad, maana Bel Air zilikuwa na bodi za aina nyingi. Sasa fungua boneti, tazama kibao kidogo kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Kwa Nomad, mstari wa STYLE utasomeka 57-1064DF. Kama hausomeki hivyo, uliza kwa nini. Na ukague vishikizo vya kibao chenyewe: misumari mipya juu ya kibao cha miaka 60 na zaidi ni swali linalotaka jibu kabla hujatoa hata dola moja.

Injini nayo ina tarehe yake. Kwenye bloki ya Chevrolet, pale nyuma inapokutana na giaboksi, kuna herufi na tarakimu zilizomwagwa pamoja na chuma. Herufi ni mwezi: A ni Januari, B ni Februari, hadi L ambayo ni Desemba. C 12 7 ni tarehe 12 Machi, mwaka unaoishia na 7. Mwaka upi, 1957 au 1967? Hiyo tarakimu haisemi. Inakubidi usome pia namba ya bloki iliyo hapohapo na kuilinganisha na orodha za namba za Chevrolet. Kuanzia 1968 kazi ni nyepesi zaidi, maana injini ya General Motors hupigwa muhuri wenye sehemu ya namba ya gari lenyewe. Na kati ya 1972 na 1980, herufi ya tano katika namba ya gari inataja injini iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo mtu akikwambia "455 ya asili," yaani injini kubwa ya inchi za ujazo 455 iliyotoka na gari kiwandani, usibishane naye. Soma herufi ya tano.

Nitasema wazi mawazo yangu hapa: kwa wagoni, injini ya asili haina uzito ule ilionao kwenye gari la michezo. Wagoni ya injini ndogo iliyobadilishwa kwa kazi safi haipotezi sana. Inapoteza pale ambapo bei nzima imejengwa juu ya injini kubwa ya kiwandani, halafu herufi inasema vingine.

Karatasi zinaongeza thamani, kama ni za kweli. Ford za kuanzia mwaka 1967, rekodi za kiwanda zinapatikana kupitia Marti Report. Pontiac, kupitia Pontiac Historic Services. Karatasi ya kiwandani ya kuundia gari mara nyingi hukutwa imekwama kwenye springi chini ya viti au juu ya tangi la mafuta, imekunjamana na kuliwa na panya, na hata hivyo ni ya thamani. Lakini je, muuzaji wa Nomad ya 1957 akikuonyesha karatasi ya bei ya dirishani, ile inayotakiwa na sheria ya Marekani? Sheria hiyo, iliyosukumwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, ilipitishwa 1958. Gari la 1957 halikuwa nayo. Karatasi hiyo imechapishwa juzi.

Jambo la pili, na hapa nitakaa. Mkia.

General Motors, kuanzia wagoni kubwa za 1971 mpaka 1976, walitengeneza mlango wa nyuma ambao haujawahi kurudiwa. Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile, Buick, zote zilikuwa nao. Wamarekani huuita clamshell, kwa mfano wa kombe la chaza. Unazungusha ufunguo kwenye swichi ya nyuma. Kioo kinapanda na kuingia ndani ya paa. Kisha mlango wa chuma wenyewe unashuka na kutelezea chini ya sakafu. Sekunde chache tu, na nyuma ya gari imebaki uwazi mtupu, hakuna mlango, hakuna kioo. Ukiuona kwa mara ya kwanza unacheka kwa furaha kama mtoto. Wazo lilikuwa zuri: gereji fupi, maegesho yaliyobana, hakuna mlango wa kufungukia nje na kumgonga mtu.

Lakini fikirini, ule mlango unaingia wapi? Unaingia kwenye mfuko wa bati chini ya sakafu, nyuma ya magurudumu. Na huku Ohio, Michigan na kote ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, magurudumu hurusha nini? Maji ya chumvi, mchanga, kokoto. Vyote huingia mfukoni. Matundu ya kutolea maji huziba kwa majani na tope. Maji hukaa. Watu wa Mombasa na Tanga mnaijua kazi ya chumvi kwenye bati bila kufundishwa na mtu. Mfuko unaoza, njia za kutelezea zinaota kutu, mlango unakwama katikati, mwenye gari anauvuta kwa nguvu, roda zinatoka njiani, na tangu siku hiyo mlango haufunguki tena. Muuzaji atakwambia, "Sijaujaribu siku nyingi." Elewa maana yake: haufanyi kazi.

Kwa hiyo ukifika, anza nyuma. Mwambie muuzaji afungue na kufunga mara tatu mfululizo, injini ikiwa inaunguruma ili betri isilaumiwe. Mara moja haitoshi, maana mota iliyochoka huweza kazi mara moja ikiwa baridi. Mara ya tatu sikiliza. Kioo kinapanda kwa kasi moja au kinasitasita? Kimepanda sawa pande zote, au upande mmoja umetangulia? Mota inalia na kioo hakisogei? Hapo meno ya mashine ya kupandishia yamelika. Mota hailii kabisa? Huenda ni waya au swichi, na hilo ni jambo dogo. Kisha mlango ukiwa wazi, piga magoti, washa tochi, mulika ndani ya ule mfuko. Tafuta mwanga unaoingia kutoka chini. Ukiona barabara, umeona shimo.

Ukiwa bado umepiga magoti, inua zulia la sehemu ya mizigo. Fungua kifuniko cha tairi la akiba. Kwenye wagoni nyingi tairi hilo limefichwa kwenye shimo la sakafu au ndani ya ubavu, na shimo hilo ndilo bakuli la maji ya gari zima. Toa tairi lote, usikubali kuchungulia tu. Bonyeza bati kwa mpini wa bisibisi. Bati zima husema "ko". Bati lililooza linabonyea na halisemi kitu.

Halafu rudi kwenye mipira ya mlango wa nyuma, na hapa siongelei bei tu. Wagoni ikienda mbio, hewa nyuma yake hugeuka na kuvutwa kurudi kwenye gari. Mpira ukiwa umekufa, au ukisafiri na kioo cha nyuma wazi, moshi wa ekzosi huvutwa ndani. Nani anakaa kule nyuma, kwenye kiti cha tatu? Watoto. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu, huanza kwa kuumiza kichwa na kuleta usingizi, na inaua. Ukiendesha kwa majaribio, mtu mmoja akae kiti cha tatu. Akinusa ekzosi, nunua ukitaka, lakini usiwapakie watoto mpaka mipira na ekzosi vimeshughulikiwa.

Tuje kwenye mbao. Mbao gani? Ford Country Squire ilipozaliwa 1950 ilikuwa na mbao za kweli. Ford walikuwa na kiwanda chao cha mbao Iron Mountain, Michigan. Mwaka 1951 ulikuwa wa mwisho. Kuanzia 1952 bodi ikawa yote ya chuma, na miaka ilivyokwenda mbao ikageuka picha ya mbao, karatasi ya plastiki iliyobandikwa. Kama ni gari la mbao za kweli, sahau kila kitu nilichosema kuhusu bati na umtafute seremala: chunguza viungio, hasa sehemu za chini za milango, kwa ncha ya kisu. Mbao iliyooza ndani hupokea kisu bila ubishi, na kuichonga upya ni kazi ya miezi.

Kama ni plastiki, pitisha kiganja taratibu kuanzia juu kwenda chini. Vidole husikia kile macho hayaoni. Vipele vidogo chini ya plastiki ni kutu inayosukuma kutoka ndani. Plastiki haizuii sumaku, kwa hiyo chukua sumaku laini, ifunge kwenye kitambaa isikwaruze, iteleze juu ya ile "mbao". Ikishika vizuri, chini kuna chuma. Ikilegea na kuanguka, chini kuna puti ya kuzibia mashimo. Na kwenye chuma kilichopakwa rangi, kipimo cha unene wa rangi kinasaidia: rangi ya kiwandani huwa kati ya maikroni 100 na 150 hivi. Ukisoma 300, gari limepakwa tena. Ukisoma 1,000, hapo kuna puti.

Kwa nini nasisitiza ubavu? Kwa sababu kubandika plastiki upya siyo kubandika stika. Mapambo yote ya pembeni yatoke bila kuvunjika, na mara nyingi klipu huvunjika. Plastiki ya zamani itolewe kwa joto na subira. Kutu ikatwe, bati lichomelewe, rangi ya msingi isuguliwe mpaka iwe kama kioo, maana plastiki huonyesha kila chembe. Wauzaji husema, "Hiyo ni mbao tu, unabandika nyingine." Akisema hivyo, mwombe abandike yeye kwanza kisha mrudi kuongea bei.

Na paa, msilisahau. Oldsmobile Vista Cruiser, kuanzia 1964 hadi 1972, ilikuwa na paa lililoinuliwa lenye vioo juu ya abiria wa nyuma. Buick Roadmaster Estate ya miaka ya tisini nayo ina kioo juu ya kiti cha pili. Penye kioo juu ya kichwa pana mpira, na penye mpira wa zamani pana uvujaji. Tazama kitambaa cha dari kuzunguka kioo: doa la rangi ya chai ni ushahidi. Kagua pia matundu ya boliti za reli za paa. Kama muuzaji anakubali, mwaga ndoo ya maji juu ya paa na nyingine chini ya kioo cha mbele, subiri dakika kumi, kisha weka mkono chini ya mazulia.

Jambo la tatu, injini na mwendo. Hapa sitakaa, kwa sababu fundi yeyote mzuri anaweza kukusaidia na kila kitu kinapatikana.

Pima mgandamizo wa silinda zote 8. Kwa V8 hizi, namba kati ya pauni 120 na 160 kwa inchi ya mraba ni za kawaida. Cha muhimu zaidi ni zilingane. Saba zikisoma 140 na moja 90, una valvu, ringi au gasketi mbovu. Presha ya oili injini ikishapata moto: kadiria pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Chomoa kipimo cha oili ya giaboksi: nyekundu ni sawa, kahawia yenye harufu ya kuungua siyo sawa. Ukiona ndoano ya kuvutia trela nyuma, tazama oili hiyo mara mbili, maana gari hili lilifanya kazi ya punda. Simama mbali nalo, ulitazame likiwa kwenye sakafu tambarare: mkia umekaa chini kuliko kichwa? Wagoni za clamshell zina springi za majani nyuma, nazo huchoka.

Msidanganywe na namba za nguvu za farasi. Buick 455 iliandikwa 315 mwaka 1971, na 225 mwaka 1972. Je, injini ilikufa usiku mmoja? Hapana. Mpaka 1971 walipima injini tupu mezani, kuanzia 1972 wakaipima imebeba ekzosi na vifaa vyake vyote. Anayekuuzia ya 1971 kwa bei ya juu kwa ajili ya "farasi 90 zaidi" anakuuzia namna ya kupima.

Maili nazo: dashibodi za miaka hiyo nyingi zina tarakimu tano. 43,000 inaweza kuwa 143,000. Kanyagio la breki lililolika upande mmoja na mlango wa dereva unaoshuka ukifunguliwa husema ukweli kuliko tarakimu.

Kuna kisa kimoja cha injini ambacho lazima nikieleze, kwa sababu wagoni hizi ndizo wengi wetu tunaweza kuzimudu. Buick Roadmaster Estate na Chevrolet Caprice za 1994 hadi 1996. Zilipewa injini ya LT1 ya lita 5.7, ndugu wa ile ya Corvette, nguvu za farasi 260, ndani ya gari la kubebea familia. Mwaka 1996 kiwanda cha Arlington, Texas, kikaacha kuziunda na kugeukia malori na magari makubwa. Ni wagoni nzuri mno. Lakini distribyuta yake, kifaa cha kugawa umeme kwenye plagi, inayoitwa Optispark, imewekwa mbele ya injini, chini kabisa, chini ya pampu ya maji. Na pampu ya maji ikizeeka hufanya nini? Hudondosha. Matone yanaingia kwenye distribyuta, injini inaanza kukohoa siku za mvua, mwisho inazima. Aina ya 1995 na 1996 iliwekewa njia ya hewa ya kukausha unyevu, kwa hiyo ni afadhali. Ukikagua, mulika chini ya pampu utafute alama za maji ya rejeta yaliyokauka. Uliza: Optispark imebadilishwa? Pampu ilibadilishwa siku hiyohiyo? Kama walibadilisha moja wakaacha nyingine, kazi itarudiwa. Na hakikisha ni LT1 kweli: katika namba ya gari ya tarakimu 17, ya nane iwe P, na ya kumi iwe R kwa 1994, S kwa 1995 au T kwa 1996.

Jambo la nne. Bei.

Bei ya tangazo siyo bei. Bei ni ile ambayo mtu mwingine alilipa. Tafuta wagoni zilizouzwa kweli, tatu mpaka tano, ndani ya miezi 12, mwaka uleule au wa jirani, bodi ileile, injini ileile. Matokeo ya minada ya Bring a Trailer na Mecum yanaonekana wazi, lakini angalia kama ada ya mnunuzi imo au haimo. Kisha fungua mwongozo wa bei wa Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya zamani. Wao hugawa hali ya gari kwa namba: 1 ni la mashindano ya juu, 2 ni la maonyesho, 3 ni gari zuri la kuendesha ambalo ukisogea unaona kasoro, 4 ni lenye kasoro zinazoonekana ukiwa umesimama. Karibu kila muuzaji ana namba 3 na anaiita 2. Hana nia mbaya, analipenda gari lake.

Turudi kwa ile wagoni ya dola 24,000. Tuseme, na hizi ni namba za mfano, kila mtu atafute zake, umekuta za aina hiyo, hali ya namba 3, zimeuzwa karibu na dola 19,000. Umeanza nyuma, umepata haya. Mlango umekwama: wagoni ya kurithi vipuri dola 2,500, na fundi saa 20 kwa dola 100, hizo 2,000. Ubavu wenye kutu chini ya plastiki: saa 60, ni 6,000, na plastiki yenyewe 1,200. Matairi: soma tarakimu nne za mwisho pembeni mwa tairi, 1412 ni wiki ya 14 ya mwaka 2012, hata kama meno yamejaa, mpira huo umezeeka, weka 900. Jumla 12,600. Toa kwenye 19,000. Umebaki na dola 6,400.

Najua mtashtuka. Muuzaji naye atashtuka, na pengine atasema unamtukana. Usibishane, mwonyeshe hesabu kwa upole, na kama hakubali, msalimie uondoke. Lakini pia tuwe waungwana: gari la namba 3 lina haki ya kuwa na mikwaruzo. Usimkate mtu kwa kiti kilichochanika kidogo. Kata kwa vitu vya nyuma visivyopatikana na kwa kutu. Na kinyume chake pia ni kweli. Ukikuta clamshell inayofunguka mara tatu kama saa, ubavu mkavu, kiti cha tatu kizima na vioo vyote, halafu injini imekufa kabisa, usikimbie. Hiyo huenda ndiyo wagoni bora uliyoiona mwaka huu. Injini utapata. Gari nyingi zilizofufuliwa zimemeza pesa kuliko bei yake ya kuuzia, na karibu zote zilimeza pesa hizo nyuma.

Mambo machache ya karatasi. Namba kwenye hati ya umiliki ilingane na kibao cha gari, herufi kwa herufi, mbele ya macho yako. Huduma za kuchunguza historia kwa namba ya gari hufanya kazi kwa namba za tarakimu 17, yaani kuanzia 1981. Kwa magari ya kabla ya hapo ni kibao, hati na akili yako. Walio California: magari ya 1975 kurudi nyuma hayapimwi moshi, ya 1976 yanapimwa. Kwa hiyo wagoni mbili pacha, mwaka mmoja tofauti, hazina thamani moja kwenu. Na kwa anayewaza kuipeleka nyumbani Kenya, kumbuka kikomo cha miaka 8 cha umri wa gari linaloingizwa nchini, na usukani wa kulia. Ulizia sheria kabla ya kununua, siyo baada.

Nimesema ya kutosha na jua linashuka. Ile Oldsmobile Custom Cruiser ya mwaka 1974, wagoni ya clamshell, iko pale uani, mwenyewe ametupa ruhusa ya kuigusa. Vijana, leteni tochi mbili na jeki. Mama aliye na sumaku, tangulia. Tutaanza nyuma.